Siku Mahmudu Alipoondoa Rufaa

Karani wa mahakama ya rufaa pale Gitega aliisoma barua ya Mahmudu akiwa amesimama, akaikunja, kisha akamrudishia kama muuza duka anayerudisha noti iliyochanika.

"Hii utaisema mwenyewe mbele ya majuji," alisema. "Kesi yenu imepangwa Alhamisi. Unakuja, unasimama, unasema unaondoa apeli. Basi."

"Mais tumeshapatana, mukubwa. Mi na dada yangu. Hakuna kesi tena," alisema Mahmudu, akitumia mais ya Kifaransa badala ya lakini, kama watu wote wa mtaa wake.

"Kesi iko hapa." Karani aligonga faili kwa kidole. "Mpaka majuji waseme haiko."

Mahmudu alishukuru, akashukuru tena bila sababu. Salima, mkewe, alikuwa nyuma yake, na alimwona akiinama vile anavyowainamia wakubwa wa mjini wanaoleta baiskeli za watoto wao kutengenezwa, halafu huondoka bila kulipa wakisema watapita kesho. Alitamani amshike kiuno amnyooshe.

Kesi ilikuwa ya nyumba ya baba yao, marehemu mzee Husni, katika mtaa wa Waswahili. Kiwanja na mabati vilinunuliwa na Pili, dada mkubwa, kwa faida ya vitenge alivyokuwa akiuza Muyinga, na karatasi za kiwanja zilikuwa na jina lake. Matofali aliyafyatua Mahmudu, msingi aliuchimba yeye, na baba aliuguzwa na yeye na Salima mpaka pumzi ya mwisho. Hakuna aliyekuwa akisema uongo, na ndiyo maana ugomvi ulikuwa mkali. Baada ya mzee kufariki, Mahmudu aliwapangisha watu vyumba vya nyuma bila kumwambia dada yake hata neno. Pili akaenda mahakamani. Mahakama ya kwanza ikasema nyumba yote ni ya Pili na Mahmudu ahame. Mahmudu akakata rufaa, na hiyo rufaa ikala cherehani ya Salima, ikala mbuzi wawili, ikamla hata avoka mwenyewe, wakili wake, maana alipoona fundi baiskeli hana kitu tena aliacha kupokea simu.

Halafu, baada ya Ramadhani iliyopita, shangazi yao akafa Muyinga. Kwenye matanga, Pili alimshika ndugu yake mkono wa kanzu mbele ya ukoo mzima akamuuliza, "Tutazikwa tukinuniana?" Wakalia wote wawili. Wakapatana palepale: sehemu ya mbele, yenye kibanda cha baiskeli na vyumba vya kulala, iwe ya Mahmudu, vyumba vya nyuma na nusu ya ua viwe vya Pili, na Mahmudu aondoe rufaa yake. Wazee wakasoma Fatiha. Hakuna aliyeandika kitu.

"Samahani, kaka yangu."

Aliyesema ni mwanamke mnene aliyekaa kwenye benchi la ukumbini, kitambaa cheupe kichwani, viatu vimejaa udongo mwekundu wa shambani. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania.

"Naitwa Josefina, natoka Buraza. Nimesikia bila kukusudia. Ile hukumu ya kwanza ilisemaje? Ilikupa wewe au ilimpa dada yako?"

Mahmudu aligeuzageuza kofia yake. Salima alijibu. "Ilimpa dada yake. Nyumba yote."

"Basi ukiondoa rufaa, hukumu ile inasimama. Inakuwa kama hukuja hapa kabisa. Makubaliano yenu yatakuwa ya mdomoni, na ya mdomoni hayamzuii mtu." Alishusha sauti. "Mimi nilikulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Tuliporudi tulikuta jirani analima shamba la baba. Nilishindwa mahakama ya chini, nikakata rufaa. Jirani akaja nyumbani na kuku, akasema, mama, tugawane, tuache kesi. Nikaiondoa. Msimu uliofuata alilima lote, na alipoulizwa alionyesha hukumu ya kwanza. Sasa nakuja hapa kila mara kuuliza kama kuna mlango mwingine, na sijauona."

"Yule alikuwa jirani," alisema Mahmudu. "Huyu ni dada yangu wa tumbo moja."

"Ndiyo, kaka. Sikatai. Ila waombeni majaji waandike makubaliano ndani ya uamuzi wao. Ninyi wawili mkisimama pamoja mkayasema, wanayaandika. Lakini lazima awepo. Asipokuwepo, usiondoe."

Mahmudu alivaa kofia yake na kutoka nje. Salima alibaki nyuma kidogo, akamshika Josefina mkono, kisha akamfuata mumewe.

*

Walifika nyumbani. Mahmudu aliingia kibandani, akapindua baiskeli iliyokuwa ikimsubiri, akaanza kutafuta tundu kwenye tairi. Salima alimfuata akasimama mlangoni.

"Donc sasa utafanya nini?"

"Nitafanya nilichosema."

"Mpigie Pili. Mwambie aje Alhamisi. Asimame na we mbele ya juji."

"Nimwambie nini? Kwamba simwamini? Tumesoma Fatiha, Salima! Watu waliona. Leo nimwambie, dada, njoo uandikishe kwa serikali, maana naogopa utanifukuza?"

"Huogopi?"

Mahmudu alizamisha mpira wa ndani kwenye karai la maji na kuuzungusha polepole. Mapovu yalitoka. Aliweka kidole palipotoboka.

"Mi naogopa," alisema Salima. "Mi ndiye nitakayefunga vyombo. Mi ndiye nitakayemwambia mwanetu Nadia tunalala wapi. We utakuwa umeshika sifa yako."

"Ananiamini mimi, Salima. Baada ya miaka yote hii. Usinivunjie hiyo."

Jioni, Salima aliingia chumbani na simu, akampigia wifi yake. Aliyepokea alikuwa Sefu, mtoto wa kwanza wa Pili, ambaye siku zote za kesi ndiye aliyekuwa akibeba mafaili.

"Mama iko analala," alisema Sefu.

"Saa hizi?"

"Amechoka. Kuna nini, mke wa mjomba?"

Salima alijaribu kulisema jambo kama jambo dogo. Alhamisi mahakamani, kama mama angeweza kufika, ingependeza, ili mambo yaandikwe vizuri.

Sefu akacheka kidogo puani. "Aje na nini? Esansi hakuna, magari hayatembei. Mjomba aondoe apeli kwanza. Mengine ni ya nyumbani, tutayasema nyumbani." Akakata.

Salima alikaa kitandani na simu mkononi. Alirudia maneno ya Sefu moyoni. *Mengine ni ya nyumbani.* Nyumbani kwa nani?

Usiku ule, watoto walipokwisha kula, alimwambia mumewe, "Kesho naenda Muyinga."

Mahmudu alimtazama kwa muda mrefu. Hakusema nenda, wala hakusema usiende. Aligeukia ukutani akavuta shuka, na Salima akaona kwamba ile ndiyo ruhusa yote atakayoipata.

*

Jumatano nzima ilimalizikia njiani. Foleni za magari yasiyo na mafuta zilikuwa zimelala kandokando ya vituo, madereva wamejilaza juu ya boneti za magari yao wakicheza karata. Salima alipata pikipiki mpaka nusu ya njia, akapata kiti kwenye gari la watu wa harusi mpaka Muyinga, na nauli aliyolipa ilikuwa unga wa wiki nzima. Alifika kwa Pili jua likiwa limeanza kulegea, nguo zimejaa vumbi, na kichwa kinamuuma.

Sefu alimfungulia lango, akamtazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Karibu. Mama iko soko."

Hakumpeleka sebuleni. Alimwonyesha kigoda kilichokuwa uani karibu na jiko, mahali wanapokaa wanaokuja kuomba kazi ya kufua. Mke wa Sefu alipita na beseni, akamwamkia kwa haraka, akaingia ndani. Hakuna aliyemletea maji. Salima alikaa. Aliisikia redio ya ndani ikizimwa, akasikia minong'ono, akajikuta anapangusa viatu vyake kwa ncha ya kanga kana kwamba vumbi ndilo lililokuwa kosa.

Pili alipoingia, na mtu nyuma yake amebeba robota la vitenge, alishtuka.

"Yoo! Salima! Nani amekufa?"

"Hakuna, wifi. Wote wazima."

"Sasa mbona umekaa huku kama mgeni wa barabarani? Sefu! Hata chai?" Alimvuta mkono akampeleka sebuleni, akamkalisha kwenye kiti kikubwa, akamwagizia chai yenye tangawizi. Wema ule ulifanya maneno ya Salima yawe mazito zaidi. Alikunywa chai yote ndipo akayatoa, na yalipotoka hayakutoka kama alivyoyapanga njiani.

"Wifi, kesho Mahmudu anaondoa apeli. Mais wanasema akiondoa, hukumu ya mwanzo inabaki, na ile hukumu inasema nyumba ni yako yote. Nimekuja kukuomba twende wote. Useme mbele ya majuji vile mlipatana. Waandike."

Pili aliweka kikombe chake chini.

"Mahmudu amekutuma?"

"Oya, hapana. Yeye hataki. Nimejituma."

"Donc we ndiye unaona mi ni mwizi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Umesafiri bila esansi, umekula vumbi siku nzima, kuja kuniambia kwamba Fatiha yangu haitoshi." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Salima. "Nilimfunga yule mtoto nepi. Nilimbeba mgongoni nikienda kuchota maji. Leo mke wake ananiletea mambo ya serikali."

Salima aliinamisha kichwa. Angeweza kuomba msamaha palepale, akanyamaza, akarudi kwa mumewe na heshima ya familia ikiwa nzima. Aliwaza watoto wake wanne wamekaa juu ya magodoro barabarani.

"Wifi, mi nakuamini," alisema. "Mais hatujui siku zetu. Ukiondoka duniani kesho, neno lako litabaki na nani?"

Sefu, aliyekuwa ameegemea mlango wa ukumbi, alijitia kati. "Mama, usiende popote. Hakuna sababu. Yeye aondoe apeli yake, sisi karatasi yetu iko. Inatosha."

Pili aligeuka polepole. "Inatosha nini?"

"Ile hukumu. Inasema nyumba ni yako."

"Tulisema tutagawana."

"Ndiyo, mama, mlisema. Mlikuwa kwenye msiba, mlikuwa mnalia." Sefu alikuja akachuchumaa mbele ya mama yake, na uso wake haukuwa uso wa mtu mbaya, ulikuwa uso wa mtu aliyechoka kuhangaika. "Mama, ile nyumba ni jasho lako. Miaka mingapi ulilala kwenye mizigo mpakani? Mi nina watoto na duka halina kitu. Nyumba ya Gitega, tangu mji umekuwa makao makuu, inauzwa bei gani? We unajua. Mjomba ameishi mle bure miaka yote. Bure! Nani amekuambia ni dhambi kuchukua chako?"

Pili alimsikiliza mpaka mwisho. Alitazama mikono yake iliyokuwa magotini, akaigeuza, akavitazama viganja. Salima alimwona akiyafikiria yale maneno kweli, akiyapima, na akatambua kwamba wifi yake hakuwa amejua mpaka saa ile kwamba rufaa ikiondolewa tu, nyumba nzima inakuwa mkononi mwake. Ni yeye Salima aliyemletea habari hiyo.

"Umechoka," Pili alimwambia Salima mwishowe. "Kuna chakula. Kula, ulale."

*

Alfajiri Salima aliamka na kukuta kitanda cha Pili kimetandikwa.

Jikoni hayuko. Uani hayuko. Mswala wake haukuwa kwenye msumari wake. Sefu alikuwa akipiga mswaki karibu na pipa la maji.

"Mama iko wapi?"

Alitema povu. "Atakuwa ameenda soko. Siku za mzigo huwa anaenda mapema."

"Ameacha neno?"

"Neno gani?"

Salima hakuaga. Alifunga kanga kiunoni akatoka karibu anakimbia. Alihisi aibu kama homa. Alikuwa amemvunjia mumewe heshima, amemtukana wifi yake, amemfungulia Sefu mlango, na sasa angerudi Gitega peke yake, kama angepata hata gari la kumrudisha. Alimpigia Mahmudu ili amwambie asiondoe kitu chochote. Simu haikuwa hewani. Umeme wa Gitega ulikuwa umekatika tangu juzi, na simu ya Mahmudu lazima ilikuwa imeisha chaji.

Kituoni palikuwa na watu wengi na hakuna magari. Kando, lori la maharage lilikuwa limewashwa, linatetema. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na ndani, karibu na dereva, alikuwa amekaa mwanamke aliyejifunika ushungi mweusi, mswala umekunjwa mapajani.

"Panda," alisema Pili. "Huyu hatungojei zaidi."

Salima alishika chuma cha mlango.

"Ningekuamsha, Sefu naye angeamka," alisema Pili. "Na Sefu anajua kunisemesha. Ni mtoto wangu, akinisemesha sana namsikiliza."

"Kwa hiyo utasema vile mlipatana?"

Pili alitazama mbele, kwenye kioo. "Nimesema panda. Sijasema kitu kingine."

Njia nzima hakusema kingine. Walisimamishwa kwenye kizuizi, dereva akashuka na nyaraka zake, akakaa huko. Walipita Karuzi jua likiwa juu. Salima alihesabu milima, akaacha, akaanza upya. Mara moja alimtazama Pili na kumkuta amefumba macho, midomo inatembea, na hakujua kama ni dua au ni hesabu.

*

Walipofika mahakamani kikao kilikuwa kimeanza zamani. Mlangoni walikutana na Josefina, amebeba mfuko wa karatasi za kesi yake, akamshika Salima mabega.

"Umechelewa, mdogo wangu. Mumeo wameshamwita. Amesimama peke yake."

"Amesemaje?"

"Wamemuuliza dada yake yuko wapi, akasema magari hakuna. Wakamuuliza kama anataka tarehe nyingine." Josefina alitikisa kichwa. "Akasema hapana. Akasema, naondoa apeli yangu, mimi na dada yangu hatuna kesi. Hivyo tu. Hakutaja kugawana, hakutaja kitu."

Salima aliegemea ukuta. Alisikia mlio masikioni kama wa cherehani yake ya zamani ikienda bila kitambaa.

"Mwenyekiti wa majaji amesema hawatamaliza mpaka mwisho wa kikao," Josefina aliendelea. "Amesema upande wa pili lazima usikike, na kama hatatokea mtu leo watafunga faili. Nendeni! Bado hawajafunga."

Pili alikuwa amesikia yote. Alibaki amesimama, amekaza ushungi kidevuni.

"Amesema hana kesi na mimi," alisema polepole, kama anajisomea. "Bila mimi kuwa hapa."

"Ndiyo, mama."

Waliingia. Mahmudu alikuwa kwenye benchi la mbele, ameshika kofia mapajani. Alipogeuka na kuwaona, alimtazama dada yake, akamtazama mkewe, na Salima hakuweza kusoma kilichokuwa usoni pake. Majaji walikuwa watatu. Aliyekaa katikati, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliita majina. Pili akaenda mbele, akasimama karibu na ndugu yake bila kumgusa.

Jaji alizungumza Kirundi taratibu, kama mtu aliyezoea kusikilizwa na wasioelewa. "Wewe ndiye Pili, uliyeshinda katika mahakama ya kwanza?"

"Ni mimi."

"Ndugu yako ameondoa rufaa yake. Maana yake hukumu uliyoshinda inabaki kama ilivyo, na nyumba ni yako. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Unakubali aondoe?"

Pili alikaza ushungi kidevuni. Salima alisikia kalamu ya karani, akasikia mtoto analia huko nje.

"Nakubali," alisema Pili.

Jaji aliinamisha kichwa, akamgeukia karani, akaanza kumsomea maneno ya kuandika. *Mahakama, baada ya kuwasikia wahusika...* Karani aliandika. Mahmudu hakutikisika. Salima alishika ukingo wa benchi lililokuwa mbele yake. Akilini alimwona Sefu akivunja kufuli la kibanda. Alimwona Nadia amebeba sufuria kichwani. Mwenyewe ndiye aliyemleta huyu mwanamke kuja kusema neno moja.

"Mheshimiwa," alisema Pili. "Sijamaliza."

Jaji alinyanyua uso. "Sema."

"Hiyo hukumu mi siitaki yote." Alisogea hatua moja mbele. "Kiwanja nilinunua mimi. Hiyo nasema, isifutike. Mabati ni yangu. Mais huyu alimuogesha baba yetu, akambeba, akamlisha kwa kijiko, mi nikiwa Muyinga nauza vitenge. Tulipatana. Mbele ni yake, na kibanda. Nyuma ni yangu, na nusu ya ua. Naomba muandike hivyo, ili hata mi nikifa asije mtoto wangu akasema mama alikuwa analia msibani."

Jaji alivua miwani. Alimuuliza kama kuna mtu aliyemtisha, au aliyemlipa. Pili alisema hakuna. Alimuuliza kama alikuja kwa hiari yake. Pili alifikiri kidogo.

"Wifi yangu alinifuata," alisema. "Nilikasirika. Mais nimekuja kwa miguu yangu."

Watu wakacheka kidogo, na jaji akawaacha wacheke. Akamuuliza Mahmudu kama ndivyo walivyopatana. Mahmudu alitikisa kichwa kukubali, na jaji akamwambia kwa upole kwamba karani hawezi kuandika kichwa. "Ndivyo," alisema Mahmudu. "Ndivyo kabisa." Karani alikata mstari juu ya alichokuwa ameandika, akaanza upya: rufaa imeondolewa kwa makubaliano, na makubaliano yenyewe ni haya. Yakasomwa neno kwa neno. Mahmudu akatia sahihi, na Pili, ambaye hakusoma, akachovya kidole kwenye wino na kukibana juu ya karatasi kwa nguvu, kama anayezima kaa.

Nje, Mahmudu alijaribu kuishika mikono ya dada yake. Pili alimwachia mmoja.

"We ni mjinga," alimwambia. "Mtu anaondoaje kesi bila kusema anachotaka?"

"Niliogopa ukija ukute sikukuamini."

"Mjinga," alirudia, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa ushungi kwa ukali.

Salima alisimama kando. Pili ndiye aliyemsogelea.

"Ulifanya vizuri kuja Muyinga," alisema kwa sauti ya chini, ili Mahmudu asisikie. "Kama hukuja, mi nisingekuja, na Sefu angefanya alichotaka kufanya. Hiyo najua. Mais vile nilivyojisikia kwenye kiti changu, ndani ya nyumba yangu, sitasahau leo wala kesho."

"Nisamehe, wifi."

"Nitakusamehe. Si leo."

*

Pili hakurudi Muyinga jioni ile. Sefu alikuwa amepiga simu mara nyingi mpaka Pili akaizima, akasema atakaa Gitega mpaka hasira za kijana zipoe, na kama hazitapoa, basi ana kwake pa kulala. Kwake palikuwa na Urbano, mwalimu kijana aliyepanga vyumba vya nyuma na ambaye kodi yake ndiyo iliyokuwa ikiwanunulia watoto unga. Mahmudu alienda kumweleza. Mwalimu alisikiliza, akaomba aachiwe mpaka mwisho wa mwezi, akarudi ndani, wakamsikia akianza kuburuta sanduku. Pili angelala na Nadia mpaka vyumba vitakapokuwa wazi.

Salima alipiga hesabu kichwani na haikutoka. Bila kodi ya Urbano ingebidi arudi kukaanga sambusa na kuziuza mbele ya shule, kama alipokuwa msichana. Angefanya. Paa lilikuwa pale.

Kabla ya magharibi, Pili alitoka uani akiwa peku. Alitembea toka jikoni mpaka kwenye choo, akarudi, akasimama katikati akiwa amenyoosha mkono mbele kama anapima kitambaa.

"Hapa," alisema. "Kesho mtafute fundi. Ukuta upite hapa."

"Ukuta, dada?" Mahmudu aliduwaa. "Si tumepatana?"

"Tumepatana ndiyo maana. Watoto wako wakikua na wajukuu zangu wakija, kila mtu ajue mguu wake unaishia wapi. Mais fundi aache nafasi ya mlango."

Salima alikuwa akipepea jiko. Aliinua kichwa. "Mlango wa kufuli?"

Neno lilikuwa limemtoka bila ubaya, kwa kuuliza tu, lakini lilipotua alilisikia mwenyewe. Pili alimtazama toka kule katikati ya ua, na hakumtazama kwa hasira.

"Kufuli utaweka wewe, upande wako," alisema. "Kama ndilo litakalokufanya ulale."

Mahmudu aliangalia chini. Moshi wa makaa ulimwingia Salima machoni, akaufukuza kwa kipepeo.

"Haitakuwa na kufuli, wifi," alisema.

"Tutaona," alisema Pili, akachukua birika kwenda kutawadha.